Kipimo cha Mtu Mmoja

Kijijini kwetu hakuna anayekuuliza nyumbani mko wangapi. Watu wanapita njia ya juu, wanachungulia ukingo wa mto, wanahesabu matuta. Tuta moja, kinywa kimoja; ndivyo walivyolima bibi zetu na ndivyo tunavyolima sisi. Mto ukishuka baada ya sikukuu ya mashua za mishumaa unaacha tope jeusi, laini, na kila nyumba inateremka kwenye kipande chake kulima mboga za kiangazi. Mtoto akizaliwa, linaongezwa tuta. Na tuta ambalo halijaguswa na jembe mpaka mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili, jirani ana haki ya kulilima. Hakuombi ruhusa wala samahani.

Mimi nina matuta matano na kinywa kimoja. Sasa niambie kama hiyo si aibu.

La juu kabisa ni langu. Linalofuata lilikuwa la marehemu mume wangu Khamphui, mwaka wa tatu huu tangu atutoke. Chini yake ni la mwanangu Somlit, aliyeoa akahamia kwa wakwe zake kama wanaume wetu wote wanavyofanya. Simlaumu, hata Khamphui alikuja kwetu na begi moja na jogoo. La nne lilikuwa la mama yangu. Alipofariki tukampa mkwe wangu Phonsak, mume wa Daovi. Na la chini kabisa, karibu na maji, ni la Daovi mwenyewe, kitinda mimba wangu. Tulimpa la chini alipokuwa mdogo ili asipande ngazi na ndoo ya maji, na akalishikilia mpaka akaolewa.

Kwetu binti wa mwisho haondoki. Nyumba ni yake, na wazazi ni mzigo wake. Daovi akaondoka. Yeye na Phonsak walivuka mto wakaenda kufanya kazi kiwandani upande wa Thailand, wakasema miaka miwili tu, mama, tukusanye tuje tuezeke nyumba. Huu ulikuwa mwaka wa tano, na mtoto wao, aliyezaliwa huko huko, nimemwona mara mbili.

Miaka yote hiyo nililima matuta yote matano. Watu walipita juu, wakahesabu, wakajua nyumba ya Buakham ina watu watano, ila wanne hawapo kwa sasa. Neno ni hilo, kwa sasa. Nilikuwa nalima kwa ajili ya neno hilo.

Mwaka jana ndio ulionivunja kiuno. Daovi alipiga simu akasema, "Mama, mwezi wa kwanza tunakuja, tutakaa mwezi mzima." Jamani, nilipanda! Saladi, majani ya haradali, shibiti ya kunukisha supu, giligilani, vitunguu majani, maharage marefu ya kupanda juu ya fito, mpaka karanga pembeni. Mwezi wa kwanza ukafika, Phonsak akanyimwa ruhusa. Wa pili, mtoto akaugua. Saladi ikarefuka shingo ikatoa maua. Shibiti ikawa msitu, kuku wakajificha humo wakataga.

Utaniambia, si ungegawa? Umgawie nani? Kila nyumba ina saladi ile ile siku ile ile. Nilimpelekea jirani yangu Onsi kapu la haradali, akanirudisha na kabichi mbili. Kabichi nikazipeleka kwa mke wa fundi mashua, naye akanishika mkono hataki niondoke mikono mitupu, akanijazia maharage. Nilitoka nyumbani na kapu moja nikarudi na mawili. Nikaenda hekaluni. Mtawa mkuu mwenyewe akatoka, mzee wa watu, akaniambia kwa upole, "Mama, saladi tunayo." Mwishowe nikawamwagia bata, na bata nao wakanitazama kama nimewatukana.

Basi mwaka huu mto uliposhuka, nilikuwa nimesimama ngazini na jembe, goti langu la kushoto limevimba, naona Onsi anakuja. Onsi nimemzidi miaka tisa, ana mdomo usio na kizuizi, na tumegombana tangu akiwa binti. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka mjini na mke na mapacha.

"Dada, mwaka huu matuta mangapi?"

"Wewe unaona mangapi?"

"Naona matano."

"Basi macho yako mazima. Mshukuru aliyekuzaa."

"Dada, usianze. Nyumbani kwangu tumekuwa saba na nina matuta manne. Nilikuwa nataka nikuombe matatu. Hata mawili, nitashukuru."

"Subiri mwezi mpevu. Ukikuta nyasi, chukua."

"Utayalima yote ili bata wale?"

"Ili wanangu wale."

"Wanao gani?"

Nilimtazama. Alijua amevuka mpaka, lakini Onsi akishavuka harudi. Nikamwambia Daovi anakuja mwaka huu, kwa uhakika, kaniambia kwa mdomo wake. Uongo mtupu, na nilisema bila kupepesa.

Onsi akainama. Akaokota kijiti akaanza kujikwangua tope mguuni. Sijawahi kumwona mwanamke yule akinyamaza, hata kwenye mazishi ya mumewe alikuwa anaelekeza watu pa kukaa.

"Onsi, sema."

"Sina la kusema."

"Sema, la sivyo nakutupa mtoni sasa hivi, na goti langu hili hili."

"Alinipigia juzi." Bado alikuwa anajikwangua mguu. "Aliniambia, shangazi, chukua matuta yote, muachie mama moja. Ila mwambie ni wewe unayataka, usimwambie nimesema mimi. Mama ana goti na hataki kusikia." Akatupa kile kijiti. "Mtoto wameshamwandikisha shule kule, dada. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilisimama pale na jembe kama askari wa sanamu. Roho iliniuma kiasi cha kutaka kumpiga mtu, na mtu wa karibu alikuwa Onsi, ambaye hakuwa na kosa, na hilo nalo likanitia hasira. Binti yangu alikuwa ametoa kinywa chake kwenye bustani yangu. Akatoa na cha mumewe na cha mtoto, ambaye hata tuta sikuwa nimemwongezea bado, na jirani akaambiwa kabla yangu.

"Toka ukingoni kwangu," nikamwambia.

"Natoka, dada."

"Toka haraka."

"Ngazi ni moja na wewe umesimama juu yake."

Ikabidi nimpishe. Hata kufukuza mtu vizuri nilishindwa siku ile.

Kesho yake mchana, saa ya mapumziko ya kiwandani, nikampigia Daovi. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: unarudi, hurudi, nijue moja.

"Mama! Umekula?"

"Nimekula. Nataka kuanza kupanda."

"Aa, mama, na goti lako hilo..."

"Goti sijakuuliza. Nimekuuliza nipande mangapi?"

Nilisikia wenzake wanacheka nyuma yake, na vijiko. Kwao kumejaa watu hata wakati wa kula.

"Panda ya kukutosha wewe, mama."

"Ya kunitosha mimi ni kiasi gani?"

"Mama jamani! Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Wewe ndiye uliyesoma."

Akacheka. Nami nikacheka, ili asisikie kitu kingine. Halafu tukazungumza habari za mtoto, meno yake, kikohozi chake. Swali langu sikuliuliza. Nitasema ukweli: niliogopa angejibu.

Lakini swali lile la kijinga, kiasi gani, liliniganda. Kwa sababu kweli sikujua. Nilizaliwa nyumba ya watu wanane, nikaolewa humo humo, nikazaa humo humo. Sijawahi hata siku moja kupanda, kununua wala kupika kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo akawa mimi. Hata wali wetu wa kunata haukubali. Ukitia konzi moja ndani ya kikapu cha kupikia juu ya chungu, mvuke unapita pembeni na wali unabaki mbichi katikati. Kwa hiyo napika wa watu watatu nakula siku mbili, na siku ya pili umekuwa mgumu kama kandambili.

Na kula kwenyewe! Kwetu ukikaa mkekani mtu akapita, lazima umwite, karibu tule. Nilikuwa naita kila apitaye. Wote wanajibu vizuri, "Tumeshiba, mama, endelea." Ni adabu tu, kila mtu anajibu hivyo, na hata mimi nawajibu hivyo. Ila wao wakishajibiwa wanageukia wenzao mkekani. Mimi nilikuwa nageukia bakuli la pilipili.

Siku nne nilijichunguza kama mganga anavyomchunguza mgonjwa. Saladi: majani manane asubuhi, sita jioni. Shibiti: vijiti vitatu kwenye supu ya samaki. Vitunguu majani viwili. Haradali: sufuria ndogo moja kwa siku tatu, maana peke yako haradali inachosha. Maharage niliyakata mezani nikayapanga mstari: kumi na mawili. Nikaangalia mstari ule. Chakula cha ndege, nikasema kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunibishia.

Siku mbili kabla ya mwezi mpevu nikateremka. Onsi alikuwa kwake anachomeka fito, amenipa mgongo kwa makusudi.

"We Onsi! Njoo uchukue manne."

Akageuka. "Niliomba matatu."

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Hakusema asante, namshukuru kwa hilo. Alikuja tu na jembe lake. Mimi nikaanza kulima tuta la juu. Jembe likagonga jiwe, nikalitoa, likagonga jingine. Maji hayakai pale, tope la mto halifiki vizuri, na kila ndoo ni ngazi thelathini na moja kutoka chini. Nilikuwa nimelima hatua tatu, nahema, nikasikia, "Dada, una wazimu?"

"Nini tena?"

"Una matuta matano ya kuchagua. Umechagua kifusi!"

"Ndilo langu."

"Lako nani alisema?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Hakuna aliyesema. Mama alikuwa na hilo la juu kabla ya kupewa la nne kwa uzee wake, mimi nikachukua la juu kwa sababu mtu lazima alichukue, na mwenye nyumba hawezi kumpa mwanawe ardhi mbaya. Miaka arobaini saladi yangu ilikuwa fupi kuliko za wote, na nilikuwa naila fupi hivyo hivyo nikiwatazama wao wakila ndefu. Sikuona vibaya. Ilikuwa ni furaha yangu, kusema kweli.

"La Daovi ndilo zuri kuliko yote ukingoni huu," Onsi akasema. "Kama hulitaki, nalitaka mimi. Na sitalia nikilichukua."

"Lile liache."

"Liotee nyasi?"

"Nimesema liache!"

"Dada, keshokutwa ni mwezi mpevu. Usipoligusa wewe, nitaligusa mimi au ataligusa mke wa fundi, na yule akishika kitu haachii. Sasa wewe unataka nini?"

Nilitaka Daovi. Nilitaka ashuke ngazi zile na ndoo mbili na mdomo wake wa kulalamika. Hicho ndicho nilichotaka, na Onsi hakuwa nacho. Nikashuka chini kabisa, taratibu, goti linalia, nikapiga jembe la kwanza kwenye tuta la mwanangu. Liliingia mpaka mpini bila kelele. Sikuwa nimejua ardhi inaweza kuwa nyepesi hivyo.

Kisha mbegu. Mbegu za saladi ni vumbi. Miaka yote nachota kwa vidole vitatu, namwaga kwenye mfereji, basi. Nikachota kwa vidole vitatu nikasimama. Katika vidole vile kulikuwa na saladi za nyumba nzima. Nikazimwaga kwenye kiganja nikaanza kuzitenga kwa kucha, moja moja.

"Unachambua mchele?" Onsi akauliza kutoka juu.

"Potelea mbali."

Nikapanda kumi na nane, nikaacha nafasi ya kumi na nane nyingine baada ya majuma mawili, ili zisikomae pamoja. Shibiti mstari wa mkono mmoja. Haradali kumi. Maharage mashina sita, fito sita. Zote zikaingia kwenye tuta lile moja na pembeni kukabaki mahali pa kukaa.

Kijiji kikahesabu. Niliwaona wakipita juu: mke wa fundi, watawa wakirudi na mabakuli yao ya sadaka, wanawake wa sokoni. Walichungulia wakaona matuta manane ya Onsi na moja la Buakham, na hakuna aliyeuliza. Waliokuwa wakinitania kila asubuhi, "Mama, unalisha jeshi gani?", wakaanza kunisalimia kwa upole. "Umeamkaje, mama? Goti linaendeleaje, mama?" Upole ule ulinikera kuliko utani wao wote. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane.

Saladi ya kwanza niliing'oa mwezi wa kwanza. Nikaila pale pale, nimechuchumaa, sijaiosha vizuri. Tamu! Ina maji, inavunjika mdomoni. Nilikasirika. Miaka yote hiyo walikuwa wanakula kitu kama hiki na hakuna aliyeniambia. Nikamwita Onsi nikamwambia. Akasema, "Si nilikuambia?" akaendelea kumwagilia. Ana watu saba wa kulisha, hana muda wa kusikia habari za saladi yangu.

Na kuanzia siku ile nikawa nalivizia tuta. Kila asubuhi nashuka nalitazama kama mtu anayemsubiri mwizi. Nitasema nilichokuwa nataka, ingawa ni upuuzi. Nilitaka mboga zibaki. Zingebaki, ningesema, ona, hata tuta moja ni la watu wawili, na mtu wa pili ana haki yake hapa. Au nilitaka zipungue. Zingepungua, ningepanda juu nimwambie Onsi nirudishie moja, nilikosea, nyumba yangu ni kubwa kuliko tulivyodhani. Lolote kati ya hayo ningelipokea.

Hazikubaki, hazikupungua. Kumi na nane za kwanza ziliisha Jumanne, na Jumatano za pili zikawa tayari. Shibiti niliikata mpaka mzizi kabla haijafikiria kutoa ua. Maharage hayakuzeekea fitoni hata moja. Joto lilipoanza kubana na mto ukawa mwembamba, nikang'oa haradali ya mwisho, nikaipika, nikaila yote, nikashiba. Nikashuka tena nikakuta tuta ni udongo mtupu, safi, kama limefagiwa. Maisha yangu yote ya kulima sijawahi kupatia kama nilivyopatia mwaka huo.

Nilikuwa bado nimekaa pale pembeni mwa tuta simu ilipolia mfukoni. Daovi.

"Mama, uko wapi? Nasikia maji."

"Niko bustanini."

"Shangazi Onsi aliniambia umepanda moja tu. Sikuamini!" Sauti yake ilikuwa na woga kidogo. Nadhani alikuwa anajua kwamba najua. "Ilitosha, mama?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemdanganya mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hilo. Ningesema nimelala njaa, ningesema zimeoza, na labda angepanda basi kesho yake.

"Ilitosha," nikasema.

"Kabisa? Hukupungukiwa?"

"Sikupungukiwa. Wala haikubaki hata jani."

"Afadhali, mama!" Akashusha pumzi ndefu, mtoto wa watu, pumzi ya miaka mitano. "Afadhali sana. Hujui nilivyokuwa nawaza. Basi mwakani panda hivyo hivyo."

"Nitapanda hivyo hivyo," nikamwambia. Nikasema nina kazi, nikakata simu, nikalia kwa sauti mpaka Onsi akaacha kuvuna akainuka kunitazama.